Magunzi Chini ya Matobolwa

Apolinaria hakuutaka ule ufunguo. Ilikuwa Jumamosi ya kwanza ya Kwaresima, jumuiya imemaliza sala ya asubuhi sebuleni kwake, Mtendeni, mjini Tabora, na Mama Deus, mwenyekiti wao, alikuwa amesimama mbele yake ameshika kufuli kubwa jeusi na ufunguo wake.

"Mimi hapana, Mama Deus," alisema. "Wapo wengine."

"Wengine akina nani? Huyu Magreth? Tukimpa karanga atutunzie, Pasaka tutakuta maganda!"

"Maganda yenyewe mtayakuta nimeyakaanga," Magreth alijibu, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mama Deus hakucheka sana. "Sisi tunafunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, tena kwa kulalamika. Mama Julieth hapa, tangu Krismasi hatujamwona akitia kitu mdomoni mchana. Mtu wa namna hiyo ndiye wa kuachiwa chakula cha watu."

Wakapiga makofi. Apolinaria akaupokea ufunguo, na papo hapo, kabla hata vidole vyake havijaufumbata, moyo ulianza kumdunda kama aliyeitwa jina lake gizani.

Jumuiya ile ilikuwa na desturi yake. Kila Kwaresima kila nyumba huleta sehemu ya kile inachojinyima: karanga, maharage, dumu la asali kutoka kwa ndugu walioko Sikonge, na zaidi ya yote matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vikakatwa vipande na kuanikwa mpaka vikakauka kama ngozi. Ni chakula cha zamani hicho. Wapagazi wa Unyanyembe walikitia kwenye mikoba yao walipoelekea pwani na pembe za ndovu mabegani, kwa sababu hakiozi na hakimwagiki, na kipande kimoja mdomoni kilimfikisha mtu kituo kinachofuata. Alhamisi Kuu jumuiya hugawa vyote kwa wazee na wagonjwa wasio na mtu. Mpaka siku hiyo, chakula hukaa katika nyumba moja, chini ya kufuli moja.

Chumba cha nyuma cha Apolinaria kikajaa. Magunia mawili ya matobolwa yaliegemea ukuta, karanga zikawekwa kwenye ndoo, asali ikakaa kwenye kona. Harufu ya chakula hicho ilipita chini ya mlango, ikaja mpaka barazani alikoshonea.

Asichokijua Mama Deus, wala mtu mwingine yeyote pale, ni kwamba Apolinaria hakuwa akifunga kwa uchaji. Alikuwa akifunga kwa hofu.

Alikuwa fundi cherehani, na fundi mzuri. Utepe wa kupimia ulining'inia shingoni mwake kuanzia asubuhi, na wanawake wa Mtendeni walikuja kwake na vitenge vyao vya sare, kwa sababu gauni lake lilikaa mwilini bila kubana wala kupwaya. Lakini baada ya mama yake kufariki, miaka michache nyuma, kitu fulani kilianza. Siku ambazo huzuni ilimjia akiwa peke yake nyumbani, alikula. Hakula kama watu wanavyokula. Alikula kama mtu anayefukuzwa. Mwili ukaongezeka, na macho ya watu yakaongezeka nao.

Maana hapa kwetu tumezoea kumpima mwanamke kwa macho kama robota la tumbaku linalopitishwa sokoni, kila mnunuzi na maoni yake, na hatuoni haya. "Mama Julieth, mumeo anakutunza!" "Mama Julieth, mlango huu utaupanua lini?" Tunasema, tunacheka, tunakwenda zetu. Nani kati yetu aliwahi kurudi kuangalia neno lake limefanya nini?

Basi akaingia kwenye dayati. Alikunywa maji ya ndimu asubuhi, maji ya tangawizi mchana, na jioni alijikatia kipande cha tango akakila polepole huku binti yake, Julieth, akila ugali mbele yake. Alishinda hivyo siku kadhaa, kichwa chepesi, mikono ikitetemeka kwenye sindano, akajiona mshindi. Halafu siku moja ingekuja na neno baya au habari mbaya, na ushindi wote ungeporomoka katika mchana mmoja, mlango umefungwa kwa ndani. Baada ya hapo alijilaani, akajiapiza: kesho sili kitu.

Na hicho kiapo ndicho kilichokuwa kikimwandalia anguko linalofuata. Hakulijua hilo. Alikwenda kuungama, akasema ana dhambi ya ulafi. Padri alimpa sala fupi na maneno ya faraja. Apolinaria alitoka kanisani akiona kitubio kile ni chepesi mno kwa mtu kama yeye, akajiongezea mwenyewe: kila akianguka, atafunga zaidi. Nani angemkataza? Kufunga ni jambo jema. Watu waliona, wakamsifu. Na sasa wamemletea magunia.

Wiki ya kwanza alipita mbele ya mlango ule akiangalia upande wa pili. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na utepe, kisha akauvua akauweka juu ya kabati, kisha akaona juu ya kabati ni karibu mno, akampa Julieth.

"Kaa nao, mwanangu. Mimi nitaupoteza."

"Mama, mimi nashinda shule. Wakija kuleta kitu mchana je?"

Ufunguo ukarudi shingoni.

Siku moja katika wiki ya pili ilianza na Magreth, aliyekuja kujaribu gauni lake la Pasaka. Alijigeuza mbele ya kioo, akaridhika, akachukua utepe kutoka shingoni mwa Apolinaria, akauzungusha kiunoni mwa Apolinaria mwenyewe kwa mzaha.

"Hee, fundi! Utepe umegoma kufika! Shoga, hiyo saumu yako unaifungia wapi? Malaika wanakuletea chakula usiku?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka. Apolinaria naye alicheka, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya. Alimfungia Magreth gauni kwenye gazeti, akamshukuru, akasubiri benchi libaki tupu. Tangu jana mchana hakuwa ametia kitu tumboni isipokuwa maji ya ndimu.

Akaufungua mlango wa nyuma. Alijiambia anakwenda kuangalia kama panya hawajatoboa gunia.

Kipande cha kwanza alikitafuna amesimama. Cha pili hakukumbuka kukichukua. Mikono ilikuwa na haraka yake yenyewe, kama mikono ya mtu mwingine, ikiingia guniani na kutoka, ikichovya kwenye asali, ikirudi. Alijiona, kwa mbali, kama mtu anayemwangalia mwizi kupitia dirishani na sauti haitoki. Acha, alijiambia. Acha sasa. Baada ya hiki. Utamu hakuusikia. Hilo hakuna mtu angemwamini: kwamba katika ule wizi wote wa vitu vitamu, ulimi wake haukupata kitu.

Matobolwa makavu yana hila yake, na kila mtoto wa Tabora huonywa mapema: usile mengi ukayanywea maji, yatavimba. Apolinaria alikunywa maji. Muda si mrefu tumbo lilikaza kama ngoma iliyowambwa, maumivu yakapanda mpaka kifuani, pumzi ikawa fupi. Alijilaza sakafuni, shavu kwenye saruji, akawaza: nitafia hapa. Watavunja mlango, wanikute na asali kidevuni, kati ya magunia ya maskini. Kufa kwenyewe hakukumtisha kama kukutwa.

Mtu akagonga ukutani. "Mama Julieth? Uko salama?"

Ilikuwa sauti ya Ngassa, mpangaji wa chumba cha uani. Alikuwa Msukuma wa Choma, kule Igunga; ng'ombe wake walikufa kwa ukame, akaja mjini kutengeneza baiskeli. Hakuwa wa jumuiya, hakuwa wa kanisa lolote, na watu wa mtaa hawakumzoea.

"Niko salama, baba. Tumbo tu."

"Nikuchemshie maji?"

"Hapana! Usije!"

Akajibu taratibu, "Haya, mama. Siji."

Maumivu yalipungua kabla Julieth hajarudi. Apolinaria aliinuka, akaliangalia gunia. Lilikuwa limebonyea kwa juu, limekunjika bega kama mtu aliyepigwa ngumi. Yeyote atakayeingia angeliona.

Alikwenda sokoni siku ile ile. Wauzaji walimcheka. Matobolwa, mwezi huu? Viazi huvunwa na kuanikwa kiangazi. Sasa ni masika, kila nyumba inakula akiba yake ya mwisho. "Njoo Julai, mama," walimwambia. Alirudi mikono mitupu. Na uani, nje ya mlango wa Ngassa, aliyaona magunzi ya mahindi, rundo zima, ambayo Ngassa alikuwa akipikia.

Aliyabeba kwenye khanga. Alimwaga matobolwa kwenye beseni, akatandika magunzi ndani ya gunia, chini kabisa, akarudisha matobolwa juu yake. Gunia likasimama, bega likarudi. Alifunga kufuli, akajiapiza kwa jina la mama yake: kesho sili kitu. Mpaka Pasaka sili kitu.

Zikafuata wiki za hofu. Alishtuka kila geti lilipolia. Mama Deus akipita barazani kumsalimia, Apolinaria alijitoboa kidole kwa sindano. Alifunga kwa ukali kuliko mwanzo, na kadiri alivyofunga, chumba kile kiliongezeka ukubwa kichwani mwake, mpaka ikawa kana kwamba nyumba nzima ni hicho chumba na yeye ameegesha cherehani mlangoni pake. Siku za utulivu aliweza kushinda. Lakini Mathias, mume wake, alipiga simu kutoka shambani Urambo, sauti imekauka: mvua ya mawe imechana tumbaku yote, majani yamebaki nyuzi. "Usijali," Apolinaria alimwambia. Alikata simu, na mguu wake ukajikuta tayari umeelekea nyuma.

Mara ile alimaliza asali. Dumu tupu alilisukuma chini ya kitanda chake, na magunzi mengine yakaingia guniani.

Jumamosi kabla ya Wiki Kuu, jumuiya ilikuja kwake tena. Walisali. Walisoma Injili. Apolinaria hakusikia hata neno moja, kwa sababu kwenye kona palikuwa na mizani na mifuko mitupu, na Mama Deus alikuwa ametangaza kwamba leo watafungasha mapema.

"Ufunguo, mama."

Aliutoa. Waliingia wanawake watano, naye akabaki sebuleni ameshika ukingo wa meza. Alisikia gunia likiburutwa. Alisikia Magreth akitania kuhusu uzito wake. Kisha matobolwa yakamwagwa kwenye turubai, na baada yake kikaja kishindo kingine, kikavu, chepesi, cha vitu vinavyogongana.

"Magunzi," Mama Deus alisema. "Mungu wangu. Mtu ametupakilia magunzi."

"Na asali haipo!"

Magreth alitoka na gunzi mkononi, macho yamemtoka. "Nani anapikia magunzi nyumba hii? Si yule mpangaji? Niliwahi kuliona rundo lake nikipita! Nilisema mimi, mtu wa kuja humweki uani kwako na chakula cha kanisa!"

Walimwita Ngassa. Alikuja na mafuta ya cheni mikononi, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Shikamooni," alisema, ingawa wengi wao walikuwa wadogo kwake.

Hakuna aliyeitikia. "Magunzi haya ni ya nani?" Mama Deus alimuuliza.

Ngassa aliliangalia gunzi. Halafu alimwangalia Apolinaria, mara moja tu, akarudisha macho chini. "Ni yangu. Ila kuyaweka humo sikuyaweka."

"Sasa yalitembea?" Magreth alifoka. "Aitwe mwenyekiti wa mtaa! Aitwe mgambo! Mwizi wa chakula cha wagonjwa, kwetu huko walikuwa wanamtandika!"

Kijana mmoja alikwisha kutoka kwenda kuita watu. Nje sauti zilianza kukusanyika, na kila mtu wa mji huu anajua sauti hizo zikianza huishia wapi. Mikono ya Ngassa ilikuwa ikifutana, ikifutana, na mafuta hayatoki. Apolinaria aliiona. Aliona kwamba yule mtu anaogopa, na kwamba hofu ile ilikuwa yake yeye, aliyombebesha mwenzake.

Akifungua mdomo, amekwisha. Watamwita Mama Julieth mla matobolwa mpaka wajukuu zake. Hatavaa tena utepe shingoni bila mtu kucheka. Akinyamaza, jua litatua, na watu watasahau jina la Ngassa.

"Mwacheni," alisema. "Ni mimi."

Walimgeukia.

"Ni mimi niliyekula."

Kwanza hawakuelewa. Kisha Magreth akacheka kicheko kifupi. "Wewe? Wewe ambaye hata uji hunywi? Shoga, unamfichia mpangaji? Mume yuko Urambo, na wewe unamfichia mpangaji?"

"Huruma yako imezidi, mama," Mama Deus alisema kwa upole. "Sote tunakujua unavyofunga."

Hapo ndipo hofu ilipomshika kweli kweli. Alikuwa ameogopa siku zote kwamba watajua. Hakuwahi kufikiri kwamba atawaambia na wasimwamini. Saumu yake ilikuwa imesimama katikati yake na ukweli kama ukuta, na upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na mtu wa kupigwa. Aliingia chumbani kwake, akapiga magoti, akalivuta lile dumu chini ya kitanda, akalileta mbele ya jumuiya yote. Lilikuwa tupu, na alama za vidole zilizokauka shingoni.

"Nafunga siku mbili, tatu," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Halafu mtu ananiambia neno, au moyo unaniuma tu, basi naingia mle nakula mpaka nalala chini. Sisikii utamu. Siwezi kuacha. Nikimaliza naona haya, nafunga zaidi. Magunzi nilimwibia huyu baba. Alinisikia siku moja nikiugulia, akataka kunichemshia maji, nikamfukuza."

Mwanamke mmoja alijifanyia ishara ya msalaba. "Ni pepo huyo," alinong'ona. "Aombewe, afunge siku saba."

"Hapana!"

Aliyesema ni Advera, nesi, mtu wa maneno machache ambaye kwa kawaida hukaa nyuma na vitabu vya nyimbo. Alikuwa amesimama. "Asifunge hata siku moja. Mnataka kumwua? Mama Julieth, leo umekula nini?"

"Sijala."

"Jana?"

Apolinaria alitikisa kichwa.

"Basi sikilizeni. Huu ni ugonjwa, na pale kliniki ninapofanya kazi tunawaona wenye nao, wanene kwa wembamba. Mwili ukiunyima haukai kimya. Unangoja siku ambayo moyo wako umechoka, halafu unadai vyote kwa mara moja. Kila alipojifunga, alikuwa anajivutia kamba ya kujiangusha. Na sisi tulikuwa tunampigia makofi." Alimtazama Magreth. "Na wengine tulikuwa tunampima kiuno."

Magreth alifungua mdomo, akaufunga, akaweka gunzi mezani taratibu kama kitu cha kuvunjika.

"Lakini chakula ni cha wagonjwa," Mama Deus alisema. Sauti yake ilikuwa na machozi na hasira pamoja, na haki yake ilikuwepo. "Wazee wale nitawaambia nini Alhamisi?"

"Nitawaambia mimi," Apolinaria alijibu. Alisema hivyo, akakaa.

Mama Deus aliokota ufunguo mezani, akauvaa yeye. Hakumkemea, hakumkumbatia. Alikwenda mlangoni, akawaambia watu wa nje watawanyike, hakuna mwizi hapa. Baadhi waliondoka wakinung'unika kama walionyang'anywa kitu.

Ngassa alikuwa bado amesimama pale pale. "Basi nirudishieni magunzi yangu," alisema. "Nimekuwa napikia makaratasi."

Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine, na Apolinaria hakuweza kujua kama wanamcheka yeye. Huenda hata wenyewe hawakujua.

Advera alikuwa jikoni. Alirudi na bakuli la uji wa karanga, mdogo, unaofuka, akauweka mbele ya Apolinaria pamoja na kijiko. "Jumatatu unakuja kliniki, nitakuwepo mlangoni. Leo kunywa huu. Wote, wala usiongeze. Na mchana utakula, na jioni utakula, hata kama roho inakataa."

"Kwaresima, nesi. Mbele ya watu?"

"Mgonjwa hafungi. Kanisa lenyewe limesema."

Walikuwa wakimwangalia. Julieth alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti chake, mkono wake begani kwa mama yake. Chini ya mlango wa nyuma harufu ya karanga ilikuwa ikija kama kawaida, na Apolinaria alijua kwamba itakuja kesho pia, na kesho kutwa. Alikwisha kula magunia mlango ukiwa umefungwa. Kijiko kimoja, mchana, macho ya watu yakiwa juu yake, hakuwahi kukithubutu.

Alichota kijiko, uji ukamwagika kidogo kwenye utepe. Aliupeleka mdomoni. Ulikuwa wa moto, na ulikuwa na ladha ya karanga.